Historia ya Restuta Matonya, Fundi wa Kufunika Nyota

Baba Padri, mama yetu mzazi Mama Priska, shemeji yetu Charles, wanetu Emilia na Stanley, wazee wa Mrijo, wageni wetu kutoka Nzuguni, Kondoa, Chemba na chuoni, mbukwenyi, na poleni kwa msiba huu ambao ni wetu sote. Mimi ni Joel Matonya, kaka wa marehemu, mtoto wa kwanza katika tumbo ambalo yeye alikuwa wa tatu, na wengi wenu mnanijua kama katibu wa kigango hiki, msoma matangazo ya Jumapili kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa kuniona nimeshika kipaza sauti. Ninayeshangaa ni mimi, kwa sababu mwaka 2011 nilisimama hapa hapa nikatangaza jambo la Restuta ambalo halikuwa kweli, kijiji kizima kikalipokea kwa vigelegele, na aliyekuja kuibeba aibu ile ni yeye, si mimi. Familia ilipokaa Jumatatu kupanga msiba, wapo waliopendekeza asome mtu mwingine, wala sikuwalaumu, lakini Shemeji Charles akasema marehemu ameacha agizo kwamba asome Joel, na kwamba Joel asiseme kitu ambacho hakijapimwa. Basi kila tarehe mtakayoisikia nimeihakiki kwenye cheti, na pale nisipokuwa na cheti nitasema sina.

Marehemu Dokta Restuta Matonya alizaliwa Jumapili tarehe 9 Julai 1978, katika zahanati ya Mrijo, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Kondoa na sasa ni wilaya ya Chemba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Matonya Ndahani na Mama Priska. Uzito wake wa kuzaliwa hatuujui, kadi ya kliniki ililiwa na mchwa, lakini mama anasema alikuwa mdogo, mwenye kelele, na asiyekubali kubebwa akielekezwa nyuma, alitaka kuona mbele.

Sisi kaka zake tulipoanza shule, kazi ya kuwatazama ndama ilimwangukia yeye, na hapo ndipo kilipoanza kile ambacho baadaye wazungu walimpa shahada kwa ajili yake. Jioni ndama hurudi kutoka upande wa magharibi, na jua la kwetu mnalijua, linakaa chini, kali, mbele ya macho kabisa, vumbi nalo limepanda, huoni ndama wala shetani. Restuta alikuwa anainua kiganja, ananyoosha mkono, analifunika jua lenyewe tu, si macho, jua, halafu anawahesabu ndama waliokuwa kando yake, mmoja mmoja, bila kukosea. Baba alimkuta hivyo siku moja akadhani binti yake anaagana na jua kwa kulipungia mkono, akarudi nyumbani akamwambia mama kwamba huyu mtoto wenu ana adabu mpaka imepitiliza.

Alisoma shule ya msingi hapa Mrijo kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, akachaguliwa kwenda sekondari mjini Kondoa, mwaka 1993 hadi 1996, na kwa kuwa nafasi za bweni zilijaa, alipokelewa katika nyumba ya marehemu Mzee Bushiri, fundi saa na fundi miwani, ambaye binti yake, Sabiha, alikuwa naye darasa moja na dawati moja. Ninaomba Sabiha asimame mumwone, ndiye yule aliyevaa mtandio wa kijani, asante dada yangu, keti. Katika nyumba ile Restuta alifuturu nao kila Ramadhani kama mtoto wa nyumbani, Jumapili Mzee Bushiri mwenyewe anamhimiza asichelewe misa, na mchana baada ya masomo mabinti wawili wanakaa kwenye jiwe la kunoa lenzi, mmoja anazungusha, mwingine anashika kioo. Mwaka 1995 alimletea baba miwani aliyoinoa kwa mkono wake, na baba alipoivaa, neno la kwanza lililomtoka ni kwamba kumbe Priska umezeeka hivi, jambo ambalo mama hajalisamehe mpaka leo na marehemu alilicheka mpaka mwaka huu.

Kidato cha tano na cha sita alisoma Dodoma mjini, mwaka 1997 hadi 1999, akajiunga na chuo kikuu Dar es Salaam kusomea fizikia, akahitimu mwaka 2002, baba akiwa ameshatangulia mwaka mmoja nyuma. Akafundisha fizikia katika sekondari moja hapa Dodoma kwa miaka mitatu, na huko ndiko alikomkuta Charles, mwalimu wa historia, mtu wa Mpwapwa, mpole, mchelewaji wa maneno, ambaye alitumia muhula mzima kumwomba Restuta chaki wakati anazo sandukuni. Mwaka 2005 alikwenda Afrika Kusini kwa shahada ya pili, akarudi mwaka 2007, na Jumamosi tarehe 29 Desemba 2007 walifunga ndoa katika kanisa hili hili, mbele ya wengi wenu mliopo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Emilia aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 2008, na Stanley aliyezaliwa tarehe 17 Mei 2014.

Mwaka 2009 alikwenda Uholanzi kusomea shahada ya uzamivu, akimwacha Emilia hajafikisha mwaka mikononi mwa baba yake na bibi yake, na nisidanganye watu kwamba lilikuwa jambo jepesi, alilia kutoka nyumbani kwao Nzuguni, Dodoma mjini, mpaka uwanja wa ndege, na Charles alinisimulia kwamba kwa miezi mitatu mtoto alikuwa anaitika simu badala ya kuitika watu. Alichokwenda kusomea ni hiki, nami nitakieleza kama alivyonieleza mimi, kwa hiyo wasomi mnivumilie. Watu wamejua kwa muda kwamba nyota nyingine nazo zina sayari zinazozizunguka kama dunia inavyolizunguka jua, lakini karibu zote zimejulikana kwa kukisia, kwa kuona nyota inayumba kidogo au inafifia kidogo, na zile zilizopigwa picha yenyewe, mtu akasema ile pale, ni chache mno. Sababu ni lile jua la magharibi, nyota inawaka mara mamilioni kuliko sayari iliyo kando yake, na ukiitazama kwa darubini hata iwe kubwa kama nyumba hii, unaona mng'ao tu.

Sasa dawa yake ni kiganja. Restuta alijifunza kutengeneza kioo chembamba chenye doa dogo jeusi katikati, dogo kuliko punje ya ulezi, ambacho kinawekwa ndani ya darubini mahali ambapo mwanga wa nyota unakusanyika, kikaifunika nyota yenyewe tu na kuacha kilicho kando. Lakini hewa nayo inacheza, kama inavyocheza juu ya lami ya Nzuguni saa saba mchana, kwa hiyo kuna kioo kingine kinachojikunja na kujikunjua mara mamia kwa kila sekunde, kinaituliza picha. Na bado vinabaki vidoa vya uongo vinavyotokana na vioo vyenyewe, kwa hiyo wanaiacha kamera imetulia na anga lizunguke, vidoa vya vioo vinabaki palepale, na kitu kilichoko mbinguni kweli kinazunguka na anga. Nilimuuliza kwa nini wasinunue tu darubini nzuri zaidi, akaniambia kaka, nzuri zaidi inaonyesha mng'ao mzuri zaidi.

Sasa nafika mahali pangu. Jumanne tarehe 4 Oktoba 2011 Restuta alinipigia simu akiwa na furaha ambayo sijawahi kuisikia, akasema wameifunika nyota moja na kando yake kuna nukta, na kwamba anadhani ni sayari. Anadhani, ndivyo alivyosema, tena mara mbili. Mimi neno hilo nililiacha kwenye simu. Jumapili tarehe 9 Oktoba, baada ya matangazo ya ndoa na ya usafi wa makaburi, nikatangaza kwa sauti mnayoijua kwamba binti wa Mrijo amegundua dunia mpya, na nani angenizuia? Kina mama wakapiga ngoma ya muheme mpaka ngozi zikalegea, fahali akachinjwa, na mwalimu mkuu wa wakati ule akaandika kwenye ukuta wa shule, kwa herufi zenye urefu wa mkono, MRIJO NYUMBANI KWA MGUNDUZI WA DUNIA MPYA. Restuta alipopata habari aliniuliza kwenye simu kama rangi ile inafutika.

Maana kipimo cha mwisho kilikuwa bado. Nyota zote zinasogea angani, polepole sana, na nukta iliyo kando ya nyota inaweza kuwa sayari yake kweli, au inaweza kuwa nyota nyingine ya mbali kabisa nyuma yake iliyotokea tu kuwa kwenye mstari mmoja, na njia ya kujua ni kusubiri, mwaka, miaka, upige picha tena uone kama nukta imefuatana na nyota au imebaki. Walipopiga picha ya pili mwezi Novemba 2012, nyota ilikuwa imesogea na nukta imebaki palepale. Haikuwa dunia, haikuwa sayari, ilikuwa nyota ya watu wengine huko nyuma.

Angeweza kuandika barua. Alipanda ndege, akapanda basi, na Jumapili tarehe 30 Desemba 2012 akaomba nafasi baada ya matangazo, akasimama hapa nilipo, akaliambia kanisa zima kwamba amekosea, kwamba alifurahi kabla ya kupima, na hakunitaja hata kwa jicho. Watu hawakujua washike wapi, wengine wakaguna, mwalimu mkuu akainama, mpaka mama akasimama pale kwenye benchi la mbele, akasema kwa Kigogo kwamba yeye haoni tatizo liko wapi, kwamba mnadani Chemba ukikuta ndama amesimama kando ya ng'ombe huulizi ni wa nani, unangoja ng'ombe aondoke uone kama ndama atamfuata, na kwamba binti yake amengoja, ng'ombe ameondoka, ndama hakumfuata, basi, misa iendelee. Watu wakacheka, na mzigo ukapungua.

Kwangu haukupungua. Nilimkasirikia, ndugu zangu, nalisema hapa mbele ya jeneza lake, nilimkasirikia yeye kwa kosa langu, nikasema ametuaibisha, angenyamaza nani angejua, na kwa miezi kumi na minne sikumpigia simu, na alipopata uzamivu wake mwezi Juni 2013 na kurudi nyumbani moja kwa moja, sikwenda kumpokea. Nilichofanya ni kwenda na ndoo ya chokaa kufuta ukuta wa shule, peke yangu, na hata hicho nilikifanya kwa hasira, ndiyo maana nilipaka vibaya na kila mvua ikinyesha herufi zinachungulia. Mwezi Februari 2014 nikiwa mnadani Chemba, nimekaa na sahani yangu ya nyama, nikaona mtu mwenye mimba kubwa anajisogeza kwenye benchi langu, anachukua kipande kinono bila kuomba, akaniambia kwamba ameondoka Uholanzi, amerudi Nzuguni, na amekuja kuona kama mimi nafuata au nimebaki. Nililia palepale mbele ya wachoma nyama, wakadhani ni pilipili.

Kuanzia mwaka huo wa 2014 alikuwa mhadhiri katika chuo kikuu hapa Dodoma, na kwa kibali cha wakuu wake akaanzisha karakana ndogo ya vioo, na mtu wa kwanza kumwita hakuwa profesa, alikuwa Sabiha, ambaye alikuwa amerithi jiwe la kunoa la baba yake na mkono wake usiotetemeka. Wengi waliwacheka, kwa sababu kazi ile adui yake ni vumbi, chembe moja tu ikitua kwenye kioo imekwisha, na Dodoma vumbi ndilo tunalopumua. Wao wakapanga mwaka wao kama mkulima anavyopanga, kiangazi wanachora, wanapiga hesabu, wanafundisha, na mvua za kwanza zikinyesha Desemba vumbi likalala, ndipo wanapofunga mlango na kutengeneza kioo mpaka Aprili, mashuka mabichi yametundikwa kila dirisha na kila mlango kunasa chochote kilichobaki. Mashuka yalikuwa ya nyumbani. Charles anasema kuna miaka alilala juu ya godoro tupu kuanzia Krismasi mpaka Pasaka, akawa anawaambia wageni kwamba yeye ameoa mtaalamu wa anga.

Walivunja vioo vingi, hesabu yake sina. Mwaka 2016 kioo chao cha ishirini na tatu kilipimwa huko nje kikaonekana kinafunika vizuri kuliko vingi vilivyotengenezwa kwenye majengo ya gharama, kikapelekwa kwenye milima ya Chile, kikafungwa kwenye darubini, na kipo huko mpaka leo, kimetoka kwenye mashuka ya Nzuguni. Alifundisha wanafunzi mia na zaidi, na ninawaona hapa wamekaa pamoja kule nyuma, alikuwa mkali kwenu, najua, mlikuwa mnamwita Mama Pima Tena, naye alijua, na alilipenda jina hilo kuliko Dokta.

Tarehe 22 Agosti 2019 kioo kile kiliifunika nyota moja isiyo na jina, ina namba tu, na kando yake ikaonekana nukta, iliyozunguka na anga kama inavyotakiwa. Safari hii aliwaambia Sabiha na Charles, akafunga mdomo. Picha ya pili ilitakiwa mwaka uliofuata, korona ikaja, darubini ikafungwa. Mwaka 2021 wakapewa siku nne, siku nne zote kukawa na mawingu, mwaka 2022 wakaomba wakakosa nafasi, maana wanaoomba ni dunia nzima, na tarehe 11 Aprili 2023, baada ya kusikia uvimbe, alipimwa akakutwa na saratani ya titi, imeshatembea.

Mimi niliambiwa habari ya nukta tarehe 11 Mei 2023, wodini, akiwa ametoka kwenye dawa, kichwa hakina unywele hata mmoja, amevaa kofia ya Stanley. Akaniambia anataka mtu mmoja wa damu yake ajue, na katika familia nzima amemchagua yule ambaye mdomo wake unafika kabla yake mwenyewe. Nikamwapia. Ndugu zangu, nimekaa na jambo hilo miaka miwili na miezi minne, kila Jumapili nimesimama mbele yenu na karatasi ya matangazo, nikasoma habari za zamu ya usafi nikakaa chini. Mke wangu aliniona nimekuwa mkimya akahisi nina mchumba Kondoa, na hata hapo sikusema. Alikuwa anaumwa, na kila alipoumwa zaidi nilikuwa najua anachongoja, wengine mlikuwa mnaomba apone, mimi nilikuwa naomba apone na picha ipigwe, na siku mbaya kabisa, Mungu anisamehe, niliomba picha tu.

Mwaka 2024 alipata nafuu kubwa, akarudi darasani, mvua za Desemba akaingia karakanani, tukadhani yamepita. Mwezi Februari mwaka huu ugonjwa ulirudi kwenye ini, na mwezi Juni madaktari, kwa upole ambao hatutausahau, walimshauri akae nyumbani. Picha ya pili ilipigwa Chile tarehe 29 Julai, anga likiwa safi, ikachakatwa, na Jumapili tarehe 24 Agosti mchana, sebuleni Nzuguni, ikafunguliwa kwenye kompyuta mbele ya kitanda chake, tukiwepo Charles, Sabiha, mama na mimi. Vidole vyake havikuwa na nguvu ya kushika kitu, kwa hiyo Sabiha alipima, na Restuta akamlazimisha apime mara tatu, kila mara aandike jibu kwenye karatasi yake na kuifunika, asiangalie la kwanza anapopima la pili. Mama akasema jamani mtoto huyu hata kufa atapima. Karatasi zikafunuliwa, Restuta akazitazama zote tatu, akaomba uji, akaunywa wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki mbili.

Walichokipima siku ile akatukataza kukisema. Akasema jicho la mwenye mali halitoshi, picha ipelekwe kwa vikundi viwili ambavyo havijui jibu letu, kimoja Uholanzi na kimoja Japani, kila kimoja kipime chenyewe, na wakitofautiana hata mmoja tu, basi hakuna kitu, wala kijiji kisisikie. Halafu akanitazama mimi, akasema wakikubaliana wote wawili, atangaze Joel, mkutano wa kwanza atakaoupata, kwa sababu la uongo alitangaza yeye na la kweli ni haki yake. Nikatoka nje nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji.

Siku zake za mwisho hazikuwa za huzuni, nami nataka mlijue hilo. Alimfundisha Stanley kunoa penseli kwa kisu, alisikiliza Emilia akisoma maswali ya mtihani wa kidato cha nne na kumwambia amekosea hata alipopatia, ili aone kama atajitetea, alitaniana na mama habari ya ile miwani ya mwaka 1995, na Charles alimtandikia mashuka yote yaliyomo nyumbani, moja juu ya jingine, akasema hili ni deni la masika. Tarehe 10 Septemba jibu la Uholanzi lilifika, Sabiha akamsomea, Restuta akafumba macho akasema bado mmoja. Aliaga dunia Jumapili tarehe 14 Septemba 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, nyumbani kwake Nzuguni, mkono wake mmoja ukiwa kwa mama na mwingine kwa Charles, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba, miezi miwili na siku tano. Jibu la Japani lilikuwa halijafika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia Dodoma na Dar es Salaam, hasa wale wa wodini waliokubali kompyuta ikae kwenye meza ya dawa, majirani wa Nzuguni mliopika, mliochota maji, mliolala chini siku nne hizi, jumuiya ndogo ndogo, Baba Padri aliyemletea sakramenti kila Ijumaa, na jamaa zetu wa Kondoa, nyumba ya Mzee Bushiri, ambao wameomba dua kwa ajili yake kwa namna yao na wakachimba kaburi pamoja na vijana wetu. Tunawashukuru wakuu wa chuo, wanafunzi wake, na wafanyakazi wenzake wa Uholanzi na Chile, ambao wametuma salamu na wapo wanaotusikiliza kwa simu ya Sabiha wakati huu.

Na tunawashukuru wenzake wa Japani, ambao hawakuwahi kumwona kwa macho, waliopima bila kuambiwa jibu, na ambao barua yao imefika juzi Jumanne tarehe 16 Septemba, saa tatu asubuhi, tukiwa tunafunga maturubai. Sabiha alinisomea mara mbili, nikamwomba mara ya tatu, kwa sababu nilikuwa sijui kama leo ningesoma historia hii yote au ningeruka kurasa mbili.

Ndugu waombolezaji, nina tangazo moja. Kando ya nyota ile kuna sayari. Imepigwa picha mwaka 2019 na imepigwa picha mwaka huu, katika miaka sita nyota imesogea na sayari imekwenda nayo, imepimwa Nzuguni, imepimwa Uholanzi, imepimwa Japani, na majibu ni mamoja. Ni kubwa, ni ya moto, hakuna anayeweza kuishi huko, msiniulize habari ya viwanja. Fahali asichinjwe, na mwalimu mkuu, nakuomba kwa heshima, ukuta uachwe kama ulivyo.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu Restuta. Safari hii nimesubiri.